Sikio, Sauti na Ulimi: Uchambuzi wa Istilahi za Maradhi ya Kusikia na Kusema katika Wilaya ya Rungwe

Katika majina yote ambayo mja hupewa na majirani zake kwa sababu ya ila aliyo nayo mwilini, ni machache yenye uzito kama jina la bubu. Kwani likishatamkwa juu ya mtoto wa miaka mitatu, iwe kwenye migomba ya Masoko au kando ya mashamba ya chai ya Katumba, aghalabu hakuna tena aulizaye kama mtoto huyo hasikii, au anasikia lakini ubongo wake haujashika lugha, au ameishika lugha barabara lakini koo na ulimi havimtii. Hayo ni maradhi matatu mbalimbali, kila moja na asili yake, na kila moja na tiba yake. Na ilhali uganga wa leo umekwisha kuyatenga zamani, katika maneno tunayoyatumia kila siku bado yanaishi chini ya dari moja. Swali ninalotaka kulichambua hapa ni kama Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya zahanati na hospitali zetu, kina istilahi za kutosha kuyatenga maradhi ya sikio, ya sauti na ya lugha, na kama kinazo, ni kwa nini hazimfikii mgonjwa. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja, ni kwamba maneno hatukuyakosa. Tulilolikosa ni utaratibu wa kulitia kila neno mahali pake.

Nimeichagua Rungwe kwa sababu hapa maneno ya ugonjwa husafiri safari ndefu kuliko ilivyo mwambao. Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, uko kilomita sabini na ushei kutoka Mbeya, katika njia iteremkayo Kyela na mpaka wa Malawi, chini ya mlima Rungwe, katika nchi ya mvua nyingi na ubaridi, ambako mafua na kikohozi cha watoto havina msimu. Watu wake kwa sehemu kubwa ni Wanyakyusa, na Kinyakyusa ndicho lugha ya jikoni, ya msibani na ya kubembelezea mtoto. Basi mama aliyekesha akiuguza imbulukutu ya mwanawe, yaani sikio, hulazimika asubuhi kuyahamisha maumivu yale katika Kiswahili ili muuguzi amwelewe; mganga naye huyaandika katika daftari kwa Kiingereza alichofundishiwa chuoni; kisha shauri la dawa hurudi kwa njia ile ile, kutoka Kiingereza hata Kiswahili, na kutoka Kiswahili hata lugha ya nyumbani. Ni lugha tatu katika safari ya nusu saa, na katika kila kivuko yamkini kitu kidogo kikaanguka.

Tuanze na sikio, ambalo kwa upande wa maneno ni tajiri. Kiswahili kina kiwambo cha sikio, jina litokalo katika ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, nalo ni fasaha na sahihi, kwa kuwa utando ule hufanya kazi ile ile ya kutikisika unapopigwa na mawimbi ya sauti. Kina nta ya sikio. Kina mvumo na mlio wa masikioni kwa yule asikiaye sauti ambazo hazipo nje ya kichwa chake. Kina kizunguzungu, kisunzi na kisulisuli kwa mtu aonaye dunia ikimzunguka, na wachache hufahamu kwamba hali hiyo mara nyingi huanzia katika sikio la ndani, kilipo kiungo cha kumweka mtu sawasawa asianguke. Na kuna usaha wa sikio, ambao ndio ugonjwa wa sikio unaojulikana kuliko yote katika kaya zetu, nao ndio wa kwanza kutuonyesha hatari ya jina lisilokamilika.

Mtu asemapo kwamba mtoto anatoka usaha sikioni, ametaja dalili, hakutaja ugonjwa. Na kwa kuwa dalili hiyo ni ya kawaida mno, watu wengi wamekwisha kuihesabu kuwa sehemu ya utoto kama kuota meno. Tabibu, kwa upande wake, humwuliza mama swali moja kabla ya yote: usaha umetoka kwa muda gani? Ukiwa haujatimiza siku 14, ni uambukizo mpya, nao hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Ukitimiza siku 14 au kupita, umekuwa ugonjwa sugu, yaani kiwambo kimetoboka na hakijaziba. Na kama nyuma ya sikio pana uvimbe unaouma ukiguswa, basi maradhi yameingia katika mfupa, na mtoto huyo hana wasaa wa kungoja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tofauti ya hali hizo tatu ni tofauti ya uhai na mauti, au ya kusikia na uziwi, na katika mazungumzo yetu zote tatu huitwa usaha tu.

Tiba ya usaha sugu yastahili kuelezwa kwa karibu, maana ni rahisi kiasi cha kudharauliwa. Mama hufundishwa kuchukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, akakisokota kuwa utambi, akautia taratibu katika tundu la sikio, akauacha hata ulowe, akautoa na kuutupa, kisha akatia mwingine mkavu, na mwingine tena, mpaka utambi utoke mkavu kama ulivyoingia. Nayo kazi hiyo huifanya mara tatu kwa siku, kila siku, kwa majuma, pamoja na matone atakayopewa. Hakuna kijiti, hakuna unyoya wa kuku, hakuna mafuta ya moto wala maji ya majani. Neno utambi, ambalo bibi zetu walilijua kwa taa ya mafuta, hapa limekuwa neno la tiba bila ya kikao chochote cha wataalamu, na kila mama analielewa mara moja. Husemwa kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lakini masikio mengi tunayoyadhania kuwa yamekufa hayajapata kukaushwa hata mara moja kwa namna hiyo.

Kutoka katika usaha twende kwenye uziwi wenyewe, na hapa utajiri wa maneno unaanza kupungua. Lugha ya kawaida inamjua kiziwi, na wazee wa pwani walimjua pia kiduko. Kisha inamjua mtu mwenye masikio mazito. Baada ya hapo kimya. Ilhali Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake kuu ya mwaka 2021 juu ya usikivu, limeupanga upungufu wa kusikia katika madaraja, kuanzia ule mdogo wa desibeli 20 hadi 34, kupita ule wa kadiri na ule mkali, hata uziwi kamili wa desibeli 95 na kuendelea. Na taarifa hiyo hiyo ikasema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu unaohitaji huduma, na kwamba kwa watoto, kadiri ya sehemu 60 katika 100 za upungufu huo zingaliweza kuzuiwa. Mtoto mwenye daraja la kati si kiziwi kwa maana ya watu. Husikia ngurumo ya radi, husikia mbwa akibweka, hugeuka akiitwa kwa ukali; asichosikia ni herufi nyembamba kama s na f na t, na sauti ya mwalimu aliyegeukia ubao. Kwa kuwa hana jina, hupewa majina mengine, mtundu, mzembe, mzito wa kufahamu. Na mwisho huwekwa nyuma ya darasa, mahali pale hasa ambapo hawezi kusikia kitu.

Walimu wa elimu maalumu wametangulia hospitali katika jambo hili, kwani wao husema kipimausikivu kwa chombo cha kupimia, na shimesikio kwa chombo kinachovaliwa ili kuongeza usikivu. Na hilo la pili nalipenda, kwa kuwa lina shime ndani yake, yaani himizo la kutia nguvu, wala halimdhalilishi mwenye kulivaa. Lakini nenda ukaulize sokoni Tukuyu shimesikio ni kitu gani, utaona nyuso za mshangao. Neno limezaliwa na kuandikwa katika miongozo, kisha likakaa humo, kwa sababu chombo chenyewe ni adimu. Na neno lisiloshikwa na mkono wa mtu haliwezi kukaa katika kinywa chake.

Sasa turudi kwa bubu, maana hapa ndipo kiini cha mambo. Uganga unafahamu kwamba aghalabu ya watoto tunaowaita mabubu hawana ila yoyote katika ulimi wala katika koo: hawasemi kwa sababu hawajapata kusikia cha kuiga. Wamezaliwa viziwi, au uziwi umewapata kabla ya kushika lugha. Na sababu za uziwi huo nyingi zina majina ya Kiswahili yanayojulikana mno: surua; homa ya uti wa mgongo; matumbwitumbwi; manjano ya siku za mwanzo ambayo hayakutibiwa; mtoto kuchelewa kulia alipozaliwa; ugonjwa wa rubela kwa mama mjamzito, ambao chanjo yake ilianza kutolewa nchini pamoja na ile ya surua mwaka 2014; na kadhalika baadhi ya dawa zenyewe, kama sindano zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, na kwinini, ambayo kila mtu mzima wa nchi hii ya malaria anaukumbuka mvumo wake masikioni.

Lakini katika nyanda za juu kusini ipo sababu nyingine, nayo iko chini ya miguu yetu. Katika milima yenye mvua nyingi, maji huosha udongo na kuondoka na madini joto, kwa hiyo mazao yaliyoota humo huwa na upungufu wa madini hayo. Nayo ndiyo ambayo tezi ya shingo huyahitaji ili kutengeneza homoni za kuukuza ubongo na sikio la ndani la mtoto angali tumboni. Mikoa ya kusini ya nyanda za juu ilihesabiwa zamani miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizokumbwa sana na upungufu huo, na dalili yake ya nje ilikuwa rovu, tezi iliyovimba shingoni mwa mama. Dalili ya ndani ilionekana kwa mwana: mtoto azaliwaye na uziwi usiopona, asiseme, pengine na akili iliyodumaa na miguu iliyokakamaa. Watu waliona rovu wakalipa jina; wakaona bubu wakampa jina; lakini hapakuwa na neno la kuunganisha shingo ya mama na kimya cha mwanawe, na kwa kukosa neno hilo kila upande ulitafuta sababu yake katika uchawi au laana. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, serikali iliamuru chumvi itiwe madini joto, na maandishi hayo madogo kwenye pakiti ya chumvi, chumvi yenye madini joto, nayahesabu kuwa miongoni mwa istilahi bora za tiba zilizopata kubuniwa katika lugha yetu, kwani yameingia kila jiko, hayana makali ya kigeni, na mama aliyeyaona dukani ameanza kupata tiba kabla ya kuonana na tabibu.

Viziwi wenyewe wamekwisha kutoa hukumu yao juu ya jina la bubu, nasi tuna wajibu wa kuwasikiliza kwa kuwa ni wao wenye jina. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Na shule za mwanzo zilishikilia njia iliyoenea ulimwenguni tangu mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880, ya kumlazimisha kiziwi aseme kwa mdomo na asome midomo ya wengine, huku mikono ikikatazwa. Katika miaka ya 1980 kikaundwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na taratibu Lugha ya Alama ya Tanzania ikapata kutambuliwa kwamba ni lugha kamili, yenye sarufi yake, wala si mchezo wa vidole. Viziwi hawa husema kwamba wao ni viziwi na wanalikubali neno hilo bila haya. Bubu hawalikubali, kwa hoja iliyo dhahiri, kwamba mtu mwenye lugha hawezi kuitwa asiyesema. Hoja hiyo ni ya haki, na vilevile ni ya tiba. Mtoto kiziwi aliyefundishwa alama angali mdogo hukuza lugha katika ubongo wake kwa wakati wake. Aliyeachwa bila alama na bila shimesikio hupoteza miaka ambayo hairudi.

Pamoja na bubu kuna jina lingine linalopoteza watoto, nalo ni udata, ule uzi wa nyama unaoushika ulimi kwa chini. Mama hufika na mtoto wa miaka miwili na nusu asiyesema lolote, na kabla ya kuulizwa huwa amekwisha kupima na kuhukumu.

“Daktari, mwanangu ana udata. Nimekuja akatwe.”

“Pole, mama. Ukimwita nyumbani, anageuka?”

“Anageuka akiniona.”

Katika neno hilo moja, akiniona, umo ugonjwa wote. Udata mfupi upo kweli; huweza kumsumbua mtoto mchanga katika kunyonya, na huweza kuharibu matamshi ya sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi; lakini haumfanyi mtoto awe kimya. Mwenye udata husema, ila husema vibaya. Asiyesema kabisa ana jambo jingine, na aghalabu jambo hilo liko sikioni. Kadhalika kimeo, ambacho katika sehemu nyingi za Tanzania watu hukikata kwa wembe ili kuponya kikohozi na kutapika, na ambacho wengine wanakidhania kuwa kinazuia maneno: kukikata hakuleti sauti, kunaleta damu isiyokatika, pepopunda, uambukizo wa damu kwa chombo kisicho safi, na mkataji akipitiliza na kulijeruhi kaakaa laini, pumzi ya maneno hupotelea puani, mtoto akabaki na sauti ya king'ong'o maisha yake yote. Majina haya mawili, udata na kimeo, yana nguvu kwa sababu yanaonekana kwa macho: fungua kinywa, tazama, huyo hapo mkosaji. Sikio la ndani halionekani, kwa hiyo halishtakiwi.

Katika matamshi Kiswahili kina maneno mawili mazuri, kithembe na kigugumizi, na mimi singependa yabadilishwe na neno lolote la kuazima. Kigugumizi huanza aghalabu kati ya miaka miwili na mitano, huwapitia watoto wapatao watano katika mia, na wengi wao hupona. Kwa watu wazima hubaki kwa kadiri ya mmoja katika mia, katika kila taifa na kila lugha. Lakini katika Rungwe pana tahadhari ambayo vitabu vya ugenini haviitaji. Kinyakyusa kina irabu saba penye tano za Kiswahili, wala hakina sauti ya r wala z. Basi mtoto wa darasa la kwanza aliyelelewa na bibi yake huko Kiwira aweza kumwambia mwalimu “kalibu” na “sawadi”, na mwalimu mgeni akamwandikia kwamba ana kithembe. Huyo hana kithembe. Ana lafudhi, nayo ni mali ya watu wake. Kipimo ni chepesi: mtoto aulizwe kwa Kinyakyusa. Kama katika lugha ya mama yake anatamka kama watoto wenzake, hana ugonjwa. Kama hata huko hutamka tofauti na rika lake, ndipo tuseme kuna kasoro. Mtu yeyote atakayetunga kipimo cha matamshi kwa Tanzania bila kulizingatia hili atawaandika wagonjwa wilaya nzima za watu wenye afya.

Sauti haina mambo mengi ya kutushughulisha. Tuna zoloto, kisanduku cha sauti kilichoko juu ya koo la hewa. Tuna nyuzi za sauti, ambazo hutikisika mara mia na zaidi kwa sekunde moja kwa mwanamume na mara mia mbili hivi kwa mwanamke. Tuna kupwewa na sauti, usemi wa zamani ambao vijana wameanza kuuacha wakasema sauti imekauka. Wenye kuumia zaidi ni wale ambao sauti ndiyo jembe lao, yaani walimu wa madarasa yaliyojaa, wahubiri na waimbaji wa kwaya, ambao nyuzi zao huota vinundu kwa kulazimishwa. Na dawa yao ya kwanza ni kuipumzisha sauti na kujifunza kuitumia, wala si tangawizi peke yake. Neno moja tu la onyo linahitajika hapa, na laiti lingebandikwa katika kila ukumbi wa kanisa: sauti iliyopwea kwa zaidi ya wiki tatu au nne bila mafua, hasa kwa mvuta tumbaku, lazima itazamwe na tabibu wa masikio, pua na koo, maana saratani ya zoloto huanza hivyo hivyo, na ikiwahiwa hutibika.

Nimebakiza lililo gumu, maradhi ya lugha yenyewe, mahali ambapo msamiati wetu ni haba kuliko kwingine kote. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mtu aliyeweza kutamka silabi moja tu, tan, ilhali alifahamu aliyoambiwa, na baada ya kufa kwake ikaonekana jeraha katika upande wa kushoto wa ubongo. Tangu hapo imejulikana kwamba kiharusi kinaweza kumpokonya mtu lugha na kumwachia akili. Hali hiyo huitwa afasia, na sina taabu na neno hilo katika daftari la tabibu. Nyumbani lakini haliwezi kwenda, na nyumbani ndiko mgonjwa aliko. Mchukue mzee wa Rungwe aliyeimba kwaya maisha yake yote, katika nchi ambayo Wamoravian waliingia mwaka 1891 na tenzi zikawa sehemu ya pumzi ya watu. Amepatwa na kiharusi. Mkono wa kuume umelegea. Akitaka maji hawezi kusema maji, atasema “hii, hii,” na machozi yakamtoka. Jumapili kwaya ikipita karibu na nyumba, naye ataimba pamoja nao beti nzima, kwa maneno yote, bila kukosea. Wana wake watashangaa, na mmoja atasema kwamba baba anajifanya, na mwingine atasema amerogwa. Kumbe wimbo una njia nyingine katika ubongo, na upande wa kulia ambao haukuumia una sehemu kubwa katika njia hiyo. Tena aweza kurudiwa na Kinyakyusa kabla ya Kiswahili, au kinyume chake, kwa kuwa lugha mbili za mtu mmoja hazipotei wala hazirudi daima kwa kadiri moja. Kwa hiyo anayempima kwa Kiswahili tu atamhukumu kwa nusu ya hazina yake. Jamaa wa mzee huyu wangefaidika sana na maneno matatu mepesi, kupotelewa na lugha, yaliyo dhahiri kwa kila mtu, na yenye kumwondolea lawama ya kujifanya na aibu ya kuitwa mwehu.

Kwa watoto msukosuko ni mkubwa zaidi. Mtindio wa ubongo hutajwa na wengine kwa maana ya mtoto ambaye viungo vyake vimekakamaa kwa jeraha la ubongo, na wengine kwa maana ya mtoto mwenye upungufu wa akili. Na kwa kuchanganya hivyo, mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa na akili timamu, ambaye hawezi tu kuutawala ulimi wake, huhesabiwa kuwa hana fahamu, akazungumziwa mbele yake kana kwamba hayupo. Usonji, kwa upande wa pili, ni jina lililofaulu: fupi, la Kibantu, limekaa peke yake bila kuingiliana na ugonjwa mwingine, na wazazi wamelishika upesi.

Tofauti ya majina hayo mawili yanitosha kuwa somo juu ya kazi ya watunga istilahi. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hata kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 2003, kazi kubwa na ya heshima imefanyika ya kutafuta neno la Kiswahili mbele ya kila neno la Kiingereza. Lakini kamusi iliyopangwa kwa neno na neno haimwambii muuguzi lipi lisimame mbali na lipi. Anachohitaji ni uzio baina ya mambo manne: usikivu, sauti, matamshi na lugha, na chini ya kila jambo maneno yale ambayo watu wanayo tayari, usaha na masikio mazito huku, kupwewa huko, kithembe na kigugumizi hapa, kupotelewa na lugha pale. Neno jipya litungwe tu penye shimo la kweli, kama madaraja ya uziwi, ambayo nadhani yatosha kuitwa uziwi mdogo, wa kadiri, mkali na kamili. Neno bubu libaki katika ushairi na hadithi za kale, lisiandikwe tena katika kadi ya mgonjwa wala katika daftari la shule.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto vifaa vya usikivu ndani ya koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, tiba ambayo kabla ya hapo ilifuatwa ng'ambo. Na vifaa hivyo, sawa na shimesikio na sawa na lugha ya alama, humfaa zaidi mtoto aliyefikishwa mapema, katika miaka ya mwanzo ambayo ubongo ungali unajenga nyumba ya lugha. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini bado ni wachache mno, na aliyeko Rungwe huanza safari yake katika hospitali ya Makandana au ya Igogwe, kisha Mbeya, na pengine Dar es Salaam. Safari hiyo haianzi kama jina alilopewa mtoto limekwisha kusema kwamba hakuna pa kwenda. Basi nawasihi wazazi wa wilaya hii, na bibi zao ambao ndio washauri wa kwanza wa kila nyumba: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka aitwapo kutoka nyuma yake, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote ya nyumbani, mpelekeni hospitali mwezi huo huo, wala msiombe akatwe udata, ombeni apimwe masikio kwanza.